Bafu la mama: Tulichojifunza chini ya marumaru

Nyumba yetu ya urithi ipo Tandika, wilayani Temeke. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani: vyumba sita, ukumbi katikati, na uani nyuma ambako ndiko kuliko jiko, choo na bafu. Marehemu baba aliijenga kidogo kidogo kwa kipato chake, na sisi watoto wake tumezaliwa na kukulia humo. Mama mzazi bado anaishi katika chumba kile kile alichoingia akiwa bibi harusi.

Mwaka juzi, mwezi wa Rajabu, mama aliteleza kwenye sakafu ya uani akielekea kutawadha kwa ajili ya Sala ya Alfajiri. Alhamdulillahi, mfupa haukuvunjika. Mkono uliteguka, na magoti yake, ambayo yalikwisha kuwa mabovu, yakazidi kuwa mabovu. Lakini kubwa kuliko yote, moyo wake uliingiwa na hofu. Tukagundua kwamba jioni hanywi tena maji, ili asilazimike kutoka usiku. Mtu mzima aliyetulea, akijinyima maji kwa kuogopa njia ya chooni!

Tulikutana sisi ndugu watano tukakubaliana kuugeuza ule ufuko mdogo ulioungana na chumba chake, uliokuwa stoo, uwe bafu la ndani lenye choo cha kukaa na bomba la mvua. Tukajiwekea sharti kwamba kazi ikamilike kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Sharti hilo, na jingine tutakalolitaja, ndiyo yaliyotuponza. Tunayaandika haya kwa sababu tunaona jinsi familia nyingi za Mbagala, Mwananyamala, Tandale hadi Bunju zinavyoingiza mabafu ndani ya nyumba ambazo hazikujengwa kwa ajili hiyo. Huenda funzo letu likamwokoa mwenzetu.

Ukuta wenye maji

Kazi iliisha kwa wakati. Marumaru zilikuwa nyeupe zenye maua ya buluu, zikimeta hadi darini. Wageni wa futari walioneshwa bafu kama wanavyooneshwa mtoto mchanga. Mama aliomba dua, akatutaja mmoja mmoja kwa jina.

Ulipoingia Mfunguo Sita, mwezi wa Mazazi, rangi ya ukuta wa chumba cha mama, upande ule unaopakana na bafu, ikaanza kuvimba na kubanduka. Chini yake kukatoka unga mweupe kama chumvi. Mwezi uliofuata, alama ya unyevu ilikuwa imepanda kutoka sakafuni hadi urefu wa goti, na chumba kikawa na harufu ya ukungu. Mama akaanza kukohoa usiku. Sanduku la kanga zake lililokuwa limegusana na ukuta likaoza kitako.

Hakulalamika. Tuliloliona ni kwamba alihamisha mswala wake kutoka chumbani akaupeleka ukumbini, kwenye pitapita ya watu. Tulipomuuliza, alitujibu kwa sauti ndogo, "Wanangu, maji yale yanatoka chooni. Sina hakika na twahara ya chumba changu."

Tulikwenda kumuuliza imamu wa msikiti wetu. Alitutuliza kwa kanuni inayojulikana na wanafunzi wa fiqhi, kwamba yakini haiondolewi na shaka: asili ya chumba ni twahara, na maji ya kuogea ni twahara madhali hayakuchanganyika na najisi. Kisha akatuuliza, "Choo na mahali pa kuogea vina sakafu moja?" Tukajibu kuwa ndivyo. Akasema, "Basi msimwachie mtu mzima mzigo wa wasiwasi. Rekebisheni sakafu."

Saruji katika vitabu vya wanazuoni

Imamu huyo ndiye aliyetufungulia jambo ambalo hatukulijua. Katika mlango wa twahara wa Sunan yake, Imamu Ibn Majah, aliyefariki mwaka 273 Hijria, sawa na 887 Miladia, amepokea katazo la mtu kukojoa mahali anapoogea, kwa sababu hapo ndipo wasiwasi mwingi unapozaliwa. Baada ya hapo akanukuu maelezo ya mwanachuoni Ali bin Muhammad at-Tanafisi, kwamba hilo lilihusu mabafu ya vishimo vya ardhini. Ama mabafu ya zama zake yalikuwa yamesakafiwa kwa plasta, saruji na lami, hivyo maji yakimiminwa juu yake huondosha kilichopo na hakuna ubaya.

Tafakari, ndugu msomaji. Zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita, wanazuoni walikwisha kuona kwamba twahara ya mahali pa kuogea inategemea sakafu isiyonywa maji na yenye njia ya kuyatoa. Hata neno walilolitumia ni lile lile tunalolitumia dukani leo, saruji, ambalo limetufikia kutoka lugha za Mashariki.

Wazee wetu wa pwani nao hawakuwa wageni wa elimu hiyo. Majumba ya mawe ya Lamu yalikuwa na mabafu yenye birika la maji, kuta na sakafu zikiwa zimepigwa chokaa ya matumbawe iliyochomwa na kusuguliwa hadi ikawa laini. Na ndani ya birika walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Unguja lipo hamamu la Kidichi la zama za Sayyid Said, na lile la Hamamni, Mji Mkongwe, lililojengwa katika utawala wa Sayyid Barghash, kati ya mwaka 1870 na 1888. Marumaru za kiwandani hazikuwapo, lakini walifahamu kwamba kinachozuia maji ni kile kilicho chini ya urembo.

Kosa lilikuwa la nani?

Hapa tunafika kwenye sehemu inayotuonea haya. Kwa miezi miwili, kila aliyetutembelea tulimweleza kwamba fundi alituibia. Tulimsema barazani, tukamsema dukani, tukamsema kwenye shughuli za watu. Jirani mmoja aliyetaka kumpa kazi akaghairi kwa maneno yetu.

Tulipomwita hatimaye, alikuja na daftari lake. Hakupandisha sauti. Alifungua ukurasa wa makadirio ya bafu la mama. Baada ya saruji, mchanga na mabomba, ilikuwepo mistari miwili: dawa ya kuzuia maji, ndoo mbili, wavu wa pembeni, roli moja. Mistari yote miwili ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa, "Ongeza kwenye marumaru." Mwandiko ulikuwa wa kaka yetu mkubwa, na sisi wengine tulikuwepo alipouandika. Tulikumbuka pia fundi alivyotuambia kwamba plasta inahitaji siku saba za kumwagiwa maji, nasi tukamhimiza apandishe marumaru siku ya tatu kwa kuwa Ramadhani ilikuwa inagonga mlango.

Kaka alimwomba msamaha mbele yetu sote. Kisha tulifanya lililo gumu zaidi: tulirudi kwa wale tuliowasimulia tukawaambia kwamba kosa lilikuwa letu. Kumsengenya mtu ni rahisi kama kumwaga maji, na kuyazoa ndiyo kazi. Fundi alitusamehe, akakubali kuirudia kazi, kwa sharti moja tu kwamba safari hii hakuna mstari utakaokatwa.

Kwanza, jua maji yanatoka wapi

Kabla ya kuvunja kitu, fundi alitafuta chanzo. Unyevu wa ukutani unaweza kutokana na bomba lililopasuka, na unaweza kutokana na sakafu inayovuja. Dawa zake ni mbili tofauti. Usiku tulifunga koki zote za nyumba na kuiangalia mita. Haikusogea hadi asubuhi, ikawa ishara kwamba bomba halivuji. Kisha bafu liliachwa bila kutumika kwa siku kumi, na ukuta ukaanza kukauka. Tulipomwaga ndoo tatu sakafuni, siku ya pili unyevu ukarudi. Hukumu ikawa imepatikana.

Watu wengi, na sisi tukiwemo, hudhani marumaru ndizo zinazozuia maji. Sivyo. Marumaru yenyewe hupitisha maji kidogo sana, lakini mistari ya maungio iliyojazwa saruji nyeupe au grauti hunywa maji. Kila tunapooga, maji kidogo huzama kwenye mistari hiyo, hufika kwenye plasta, na kwa kuwa tofali la saruji ni kama sifongo, huyavuta hadi upande wa pili. Yanapokauka huacha ile chumvi nyeupe. Kinachotakiwa ni utando usiopitisha maji, uliokaa kati ya plasta na marumaru, ukiwa umeshikana kama bakuli moja kutoka sakafuni hadi ukutani.

Hatua za kazi iliyorudiwa

Marumaru zote za sakafu na za eneo la kuogea zilibomolewa hadi zege na tofali zikaonekana. Iliuma kuyaona yale maua ya buluu yakitolewa kwa toroli.

Sakafu ilimwagwa upya kwa mteremko. Kipimo alichokitumia fundi ni sentimita mbili kushuka kwa kila mita moja kuelekea tundu la kutolea maji, akihakikisha kwa pimamaji na kamba. Mteremko huwekwa kwenye zege, chini ya utando, na si kwenye gundi ya marumaru; la sivyo maji yanayozama hutuama chini bila njia. Tundu lenyewe liliwekewa mtego, yaani ile sehemu ya bomba iliyopinda ambayo hubakia na maji wakati wote, ili harufu ya karo na mende wasipande juu.

Plasta mpya ilipigwa na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Safari hii hakuna aliyehesabu siku kwa pupa. Mabomba ya ukutani nayo yalijazwa maji na kufungwa kwa siku nzima kabla ya kufunikwa, ili kiungo kibovu kijulikane mapema.

Kisha ikaja ile mistari miwili tuliyoikata. Pembe zote, pale ukuta unapokutana na sakafu na pale kuta mbili zinapokutana, pamoja na kandokando ya kila bomba linalotokeza, zilipakwa dawa na kubandikwa wavu wa nyuzi, kwa kuwa hapo ndipo jengo linapocheza na kupasuka. Baada ya hapo sakafu yote ilipakwa dawa kwa brashi, mkono wa kwanza ukielekea upande mmoja, na wa pili, baada ya ule wa kwanza kukauka, ukikatiza. Ukutani, eneo la kuogea lilipakwa hadi mita mbili kwenda juu, na kuta nyingine hadi sentimita ishirini.

Mtihani wa siku moja

Dawa ilipokauka kwa siku zilizoandikwa kwenye ndoo, fundi aliliziba tundu, akaweka tuta la muda mlangoni, na kujaza maji hadi sehemu ya juu kabisa ya mteremko ikafunikwa. Akachora mstari wa penseli ukutani kwenye usawa wa maji, akafunga mlango, akatuambia turudi baada ya saa ishirini na nne.

Tuliporudi, maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole. Tulitazamana. Kushuka kidogo sana huweza kuwa ni kukauka kwa hewa, lakini kidole kizima hapana. Fundi alitoa maji, akapiga magoti na tochi, akakuta ufa mwembamba kama unywele pale utando unapokutana na shingo ya tundu. Alikwangua, akabandika wavu mpya, akapaka mara mbili, tukasubiri, tukajaza tena. Safari ya pili maji yalisimama kwenye mstari wake.

Tunauliza: lau kama marumaru zingekuwa zimekwisha kupandishwa, ufa ule angeujua nani? Gharama ya mtihani ni maji na siku moja. Mtu yeyote anayejenga bafu, na hasa katika nyumba za ghorofa ambako maji yako yatamdondokea jirani aliye chini, asiruke hatua hii. Haki ya jirani haiishii kwenye kumpelekea sahani ya futari.

Marumaru, sitara na kibla

Marumaru tulizochagua awamu hii hazimeti. Za sakafuni ni ndogo na zina mkwaruzo, kwa sababu marumaru laini ikilowa sabuni ni mtego kwa mtu mzima. Zinatengenezwa hapa hapa nchini. Mkoani Pwani vipo viwanda vya marumaru Mkuranga na Chalinze. Gundi ilitandazwa kwa mwiko wenye meno na kuenea nyuma ya kila marumaru, bila kuacha matonge ambayo huacha mapengo ya kutuama maji. Maungio ya kawaida yalijazwa grauti, lakini pembeni, ukuta unapokutana na sakafu, ilitiwa silikoni inayonyumbuka.

Kwa ajili ya mama tulijenga kibaraza cha kukalia wakati wa kuoga, kina urefu wa sentimita arobaini na tano kutoka chini na mteremko mdogo kwa mbele, nacho kilipakwa dawa kama sakafu. Tuliweka vyuma viwili vya kushikia vilivyokita kwenye tofali. Kizingiti kilifanywa kifupi ili asijikwae. Dirisha lilipandishwa juu ya usawa wa kichwa, hewa ipite na sitara ibaki.

Lipo jambo jingine ambalo fundi bomba wa awali hakuliuliza na sisi hatukulisema. Choo kilikuwa kimeelekezwa kaskazini. Kila Mwislamu wa Dar es Salaam anajua kibla chetu ni kaskazini, kwani Makka iko juu yetu karibu kwenye mstari ule ule. Wapo wanazuoni walioruhusu jambo hilo ndani ya jengo, lakini adabu ni kuliepuka pale inapowezekana, na bomba likiwa bado liko wazi, inawezekana bila taabu. Choo kikageuzwa kutazama mashariki. Pia kilitenganishwa na eneo la kuogea kwa ukuta mfupi, kila upande ukiwa na mteremko wake, ili maji ya upande mmoja yasiende upande wa pili.

Neno kwa wanaojenga

Tulipofanya hesabu mwishoni, ile dawa tuliyoikata ilikuwa na bei ndogo kuliko maboksi manne ya zile marumaru za maua. Kurudia kazi kulitugharimu karibu sawa na kazi yenyewe ya kwanza, bila kuhesabu kikohozi cha mama, sanduku lake, na heshima ya fundi tuliyoichafua.

Mwenye kujenga akumbuke kwamba kazi kubwa ya bafu ni ile isiyoonekana. Marumaru husifiwa na wageni. Utando ulio chini yake humjua Allah, fundi, na aliyelipia. Kama una fedha kidogo, punguza urembo, usipunguze kinga. Kama una haraka, ahirisha sherehe, usiharakishe saruji. Muulize fundi maswali kabla ya kazi, andikianeni, na akimaliza mlipe ujira wake bila kumzungusha. Na fundi naye, anapotakiwa na tajiri kuruka hatua anayojua ni ya lazima, aseme kwa sauti, na ikibidi aikatae kazi, kwa kuwa amana ya ujuzi ni amana kama nyingine.

Tusisahau pia kwamba bafu zuri halihalalishi israfu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa maji ya kibaba na kukoga kwa pishi moja, ambayo kwa vipimo vyetu hayazidi lita tatu hivi. Katika mji ambao maji huja kwa mgawo, bomba la mvua lisigeuke mto.

Ukuta wa chumba cha mama ulichukua miezi mitatu kukauka kabisa ndipo tukaupaka rangi. Siku ya pili yake, mmoja wetu aliyefika mapema kumjulia hali aliukuta ukumbi mtupu. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, na mama alikuwa ndani, ameketi kwenye kiti chake cha kusalia, mswala umetandikwa mahali pake pa zamani kando ya ukuta. Juu ya kimeza kilichokuwa karibu naye kulikuwa na kikombe kikubwa cha maji, kimebaki nusu.